Chupa Namba Tatu

Chupa za mvinyo zilikuwa tatu, na Kijiko alizifunga mwenyewe kwa karatasi za kaki, zile zile za kufungia sampuli za chai, kisha akaandika namba kwa kalamu nene: moja, mbili, tatu. Meneja wa masoko alikuwa amezipanga mezani zikiwa wazi, na mbele ya kila chupa kaweka kijitabu cha picha: mizabibu iliyopandwa kwa mistari kama nywele zilizosukwa, meza ndefu zilizotandikwa vitambaa vyeupe, jibini kubwa kuliko gurudumu la baiskeli. Alitaka wanakamati waangalie picha kwanza ndipo waonje. Kijiko alikataa katakata.

"Nikishaona picha nitaonja picha, bosi. Ama nizifunge chupa, ama mtafute mwonjaji mwingine."

Meneja alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyependa kucheka. Angefanyaje? Mwanamke huyu alikuwa ameonja chai ya kiwanda kile kwa miaka kumi na tisa. Jina lake halisi lilibaki kwenye hati za mshahara tu. Watu wote walimwita Kijiko kwa sababu ya kijiko cha fedha kilichokaa mfukoni mwa koti lake jeupe, nacho hakumwazima mtu yeyote, hata kwa kukoroga sukari. Mwaka ule mchanganyiko wake mpya ulikuwa umegombaniwa madukani, akatangazwa mfanyakazi bora, na zawadi yake ilikuwa safari: siku saba ng'ambo, katika eneo linalosifika kwa chakula na mvinyo, pamoja na wauzaji tisa waliovuka malengo, kila mmoja na mwenza wake. Kampuni iliiita safari ya motisha.

Maeneo matatu yalikuwa yanashindanishwa, nayo kijitabuni yaliitwa Milimani, Bondeni na Pwani. Kanuni ilidai saini tatu: ya meneja, ya mhasibu, na ya mwakilishi wa wafanyakazi. Mwakilishi akachaguliwa Kijiko, maana nani wa kuonja kama si mwonjaji?

Alimimina kidogo, akanusa, akavuta funda kwa ule mlio wake, mlio wa sinki linalomeza maji ya mwisho, akalizungusha mdomoni, akatema ndooni. Mhasibu aligeuza uso. Namba moja: safi, ukali wa kiasi, inaacha ulimi mkavu vizuri. Namba mbili: safi, ila imepooza. Namba tatu Kijiko aliinusa, akainusa tena, akaonja, akatema haraka.

"Hii imeharibika. Ina harufu ya boksi lililonyeshewa."

"Mvinyo huo una miaka tisa, mama," Meneja alisema. "Ndiyo ladha yake hiyo. Ni sisi tu hatujazoea."

"Uzee naujua na ukungu naujua. Nifungulie nyingine ya hapo hapo."

Ya pili ilikuwa vile vile, na ya tatu pia. Kijiko akaandika katika daftari la kuonjea: *Namba tatu, imeharibika.* Daftari hilo lilikuwa na sheria moja, aliyoirithi kwa mzee aliyemfundisha kazi: kilichoandikwa hakifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, unaandika la sahihi juu yake, unasaini. Ndipo karatasi za kaki zikafunguliwa. Namba tatu ilikuwa Pwani.

"Mimi nasema Milimani," Kijiko alisema, sasa akifunua vijitabu kwa kidole. "Mvinyo wao safi, wanapika wanachokilima wenyewe, na ukitoka chumbani umeshafika shambani. Bondeni ni saa tano za basi kila siku. Watu wanakwenda kupumzika, si kuhesabu nguzo za umeme."

Meneja alikusanya vijitabu vyake, akatoka bila kuaga.

*

Kesho yake asubuhi aliingia chumba cha kuonjea na kuufunga mlango kwa kisigino. Vikombe arobaini vyeupe vilikuwa vimepangwa mezani, chai inafuka moshi.

"Bi Kijiko, safari ni Pwani."

"Sasa jana tulikuwa tunaonja nini?"

"Wakurugenzi wanataka karatasi inayosema tumeonja. Si tumeonja? Imebaki wewe uandike kwamba ya Pwani ndiyo bora, usaini, tukate tiketi."

"Lakini imeharibika."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Meneja akavuta kiti, akakaa karibu mno. Hakumwambia kwamba wakala wa safari ana nyumba ya mapumziko huko Pwani, yenye bwawa la kuogelea, na kwamba baada ya safari familia ya Meneja ingekaa humo mwezi mzima bila kutoa hata senti. Hakuwa na haja ya kumwambia. Mhasibu alikuwa ameshamnong'oneza Kijiko kwenye ngazi, akasikitika sana, akatikisa kichwa sana, halafu akaenda kusaini. Watu wa namna hiyo ndio wanaosifiwa maofisini kwamba ni waungwana.

"Kamati isipokubaliana, safari inaahirishwa mpaka mwakani," Meneja alisema. "Na mwakani sijui kama itakuwepo. Wauzaji tisa wataniuliza nani kawanyima, na mimi sipendi kusema uongo, nitawaambia. Halafu mumeo, shemeji yangu, yule fundi. Nasikia keshashonesha suti?"

*

Ni kweli suti ilikuwa imeshashonwa, ya kijivu, imetundikwa ukutani juu ya kitanda ndani ya mfuko wa nailoni. Mume wa Kijiko alikuwa seremala. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya karakana, na kila aliyepita barabarani alisoma maneno aliyoyaandika kwa chaki mlangoni, kwa herufi kubwa za mtu mwenye furaha: FUNDI ATAKUWA SAFARINI NG'AMBO KUANZIA TAREHE 14.

Mama mkwe alikuwa na wasiwasi wake mwingine.

"Sasa huko si ni pombe tupu?"

"Sinywi, mama. Naonja na kutema."

"Inaingia mdomoni?"

"Inaingia, inatoka."

"Hata mwizi huingia akatoka. Niahidi, mwanangu. Hata tone moja lisipite kooni."

"Nakuahidi, mama."

Bibi huyo aliporidhika na kwenda jikoni, Kijiko alimweleza mumewe yote, mpaka lile la kisigino mlangoni. Fundi alisikiliza huku akipangusa patasi kwa kitambaa, upande huu, upande ule.

"Ni mvinyo," alisema mwishowe. "Mvinyo wa wenye pesa zao. Ukiwa mbovu watakunja uso, waagize mwingine. Ingekuwa chai ya watu, mke wangu, ningekuwa wa kwanza kukwambia kataa."

"Ni daftari langu."

"Najua."

Akaiweka patasi mahali pake.

"Nimetengeneza vitanda vya hoteli miaka ishirini na mbili," alisema. "Sijalala hata kwenye kimoja."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekutajia urefu wa ubao, na ndiyo maana maneno yale yalimchoma Kijiko kuliko machozi. Asubuhi alifungua daftari, akapiga mstari mmoja juu ya *imeharibika*, akaandika *safi, bora*, akasaini. Alitumia sheria ile ile ya mwalimu wake kusema uongo. Mkono haukumtetemeka hata kidogo, na hilo lilimuudhi kutwa nzima.

*

Wiki mbili kabla ya safari, wakala aliandaa chakula cha jioni katika hoteli ya mjini ili washindi na wenza wao wakajifunze adabu za mezani, wasije wakaiaibisha kampuni ugenini. Fundi alivaa suti. Alipokaa, alipitisha mkono chini ya kiti, akapapasa kwenye maungio, akamwinamia mkewe uso umechanua.

"Hiki ni changu," alinong'ona. "Vyote vya safu hii."

Uma zilikuwa tatu, visu vitatu, na bilauri nne kwa kila mtu. Wakala, bwana mwenye sauti laini na saa nzito, alieleza uma gani unaanza. Kisha akamimina mvinyo wa Pwani kutoka chupa iliyokuwa kwenye ndoo ndogo ya kung'aa iliyojaa barafu, akasema sasa tunainua, tunaonja, tunautafakari.

Kijiko aliinua. Harufu ya boksi lililonyeshewa ikampiga puani, na ndani ya harufu ile akasikia sauti ya mama mkwe: hata tone moja. Wengine walikuwa wanamtazama, mfanyakazi bora wa mwaka. Basi akafanya alichokifanya kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa. Akavuta funda kwa mlio wake wote, akalizungusha, akainama, akatema katika ndoo iliyokuwa karibu, ile ya barafu.

Vichwa vyote vikamgeukia. Halafu mke wa Meneja akaziba mdomo kwa kitambaa. "Jamani! Mbele za watu?" Muuzaji mmoja kijana akaigiza ule mlio, meza nzima ikaangua kicheko, na mhudumu akaja kuichukua ndoo akiishika kwa ncha za vidole. Chini ya meza fundi aliushika mkono wa mkewe, akaubana. Hakula tena.

Huko kwenye mashamba ya mizabibu wataalamu wote hutema. Wana hata ndoo zao maalumu kwa kazi hiyo, na asiyetema ndiye anayechekwa. Wakala alilijua hilo. Kazi yake ni kupeleka watu huko, ameyaona mara mia. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Aliangalia sahani yake, akaendelea kukata nyama.

*

Siku tatu baadaye Meneja alimwita ofisini. Mezani palikuwa na barua na boksi.

"Si mimi, mama, nielewe. Wakurugenzi wanaangalia sura ya kampuni. Wenyeji wetu kule ni watu wa hadhi. Wamependekeza wewe upewe zawadi inayokufaa zaidi."

Kijiko akalitazama boksi. Lilikuwa birika la umeme. Mwonja chai, mwenye mabirika kumi na mawili kazini kwake, alikuwa anapewa birika.

"Na nafasi zetu mbili?"

"Haziwezi kupotea bure. Mke wangu atajitolea. Na mdogo wake."

"Nilisaini," Kijiko alisema.

"Na tunakushukuru sana," Meneja alijibu, na kwa kweli alionekana kushukuru.

Kijiko alilibeba birika mpaka nyumbani kwa sababu hakujua aliache wapi. Fundi aliisoma barua, akarudia, akaikunja kwenye mikunjo yake. Aliitoa suti ukutani, akaiingiza chini kabisa ya sanduku la nguo, ambako huwekwa vitu vya marehemu.

*

Tarehe kumi na nne ilipofika, yale maneno ya chaki bado yalikuwa mlangoni. Fundi hakuyafuta. Badala yake alifunga milango ya karakana kwa ndani, akajifungia humo.

"Siku saba tu," alimwambia mkewe bila kumtazama. "Mtaa mzima nimeutangazia. Wateja wangu, mafundi wenzangu, mpaka yule kinyozi. Nitatokaje?"

Alifanya kazi za kimyakimya. Nyundo hakugusa, msumeno hakugusa. Alisugua mbao kwa msasa tu, kutwa, gizani, akikohoa ndani ya shati. Mama mkwe alikaa barazani. Mteja akija alimwambia, "Wamesafiri, baba. Pita wiki ijayo." Mwanamke aliyemwapisha mkwewe kwa ajili ya tone la mvinyo sasa alikuwa anadanganya mchana kweupe, kisha anaingia ndani kuomba toba. Kijiko naye alitokea mlango wa uani alfajiri kwenda kazini, mtandio umemfunika mpaka machoni, akarudi kwa kuzunguka nyuma ya nyumba za watu. Watatu hao hawakuwa wamemwibia mtu, wala hawakuwa wamemkosea mtu, na walikuwa wanaishi kwa kujificha katika nyumba yao wenyewe ili watu wasijue kwamba wamedhulumiwa.

Siku ya tatu, huko kiwandani, mtunza ghala alileta sampuli, akaziweka mezani na kubaki amesimama.

"Dada, paa la ghala namba nne lilivuja. Hatukugundua mpaka jana."

"Maboksi mangapi?"

"Mia sita. Ile ya pakiti ndogo."

Pakiti ndogo zilinunuliwa na watu wanaonunua chai ya leo leo, kesho watajua kesho. Kijiko alichota, akavuta funda. Kabla hajatema alishaijua, ile ile harufu, boksi lililonyeshewa. Alionja vikombe sita, akatema mara sita.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Meneja, anapiga kutoka Pwani. Nyuma yake bilauri zilikuwa zinagongana na mtu anacheka.

"Bi Kijiko! Nimesikia habari ya ghala. Hakuna shida. Changanya na ile nzuri, robo kwa robo tatu, haitasikika. Oda ya wiki hii lazima itoke."

"Itasikika. Na hata isiposikika, ni ukungu, bosi. Watu watakunywa ukungu."

"Mama, tusichoshane." Sauti ilishuka, ikawa ya kirafiki. "Mbona mvinyo uliusikia, na bado ukasaini? Kalamu si ni ile ile?"

Mtunza ghala, aliyekuwa karibu na kuyasikia yote, aliinamisha macho. Hasira iliyompanda Kijiko wakati huo haikuwa ya safari, wala ya birika, wala ya kicheko cha ukumbini. Walikuwa wamemnunua kwa kitanda cha hoteli, na kitanda chenyewe hawakumpa, na sasa walitaka kumtumia kama kitu walichokwisha kulipia. Na aliyewafungulia mlango ni yeye mwenyewe, kwa mkono ambao haukutetemeka.

"Subiri niandike," alisema, akaulaza mkono wa simu mezani.

Alifungua ukurasa wa mvinyo. *Imeharibika* bado ilisomeka chini ya mstari wake, kama mwalimu alivyotaka. Akapiga mstari juu ya *safi, bora*, akaandika upya: *Imeharibika. Nilijua tangu mwanzo.* Akasaini. Akafunua ukurasa wa leo, akaandika, kisha akaiinua simu na kusoma kwa sauti ya kazi.

"Ghala namba nne, maboksi mia sita. Ukungu. Yasiuzwe wala yasichanganywe. Nimesaini."

"Unajua utamwaga unga?"

"Najua, bosi. Na nimerudi pia kwenye ule ukurasa wa chupa namba tatu."

Upande wa pili bilauri ziliendelea kugongana. Kijiko akakata simu. Mtunza ghala akanyoosha mkono kuomba kalamu. Aliandika polepole chini ya saini ya Kijiko, *Paa lilivuja, nimeona*, akaongeza jina lake lote, la baba na la babu.

Kijiko alilipandisha daftari mwenyewe mpaka ghorofa ya wakurugenzi, akaliweka mbele ya katibu muhtasi, wala hakuondoka mpaka kurasa zote mbili zilipotolewa nakala na kugongwa muhuri wa kupokelewa. Baada ya nusu saa akaambiwa aende nyumbani, asubiri barua. Aliosha kijiko chake, akakifuta, akakitia mfukoni.

*

Ilikuwa adhuhuri. Hakupita uani. Alipita barabara kuu, kichwa wazi, mtandio begani. Kinyozi alimwona wa kwanza, mashine ikabaki hewani juu ya kichwa cha mteja.

"Heh! Si mlisafiri?"

"Hatukusafiri. Walituengua, wakamweka mke wa bosi."

Alisema kwa sauti, na watu waliokuwa kwenye benchi wakasikia, na alitaka wasikie. Barazani mama mkwe alikuwa ameshafungua mdomo kwa ajili ya mteja anayekuja, "Wamesa...", akaona ni nani, akaufunga.

Kijiko alikwenda mpaka kwenye dirisha la karakana. "Nifungulie," alisema. Komeo likasogezwa kwa woga. Akaisukuma milango yote miwili mpaka ikagonga ukuta. Mwanga ukaingia wote kwa mpigo, ukamkuta fundi na msasa mkononi, vumbi limemjaa kope, anajikinga macho kama mtu aliyetolewa mahabusu.

"Funga! Wataniona!"

"Waone."

Akamtazama mkewe, akaona koti jeupe limekunjwa kwapani saa za kazi.

"Wamekufukuza?"

"Barua inakuja. Nimekataa kupitisha chai."

"Ina nini?"

"Boksi lililonyeshewa. Ile ya pakiti ndogo."

Fundi aliuweka msasa chini. Alikuwa anayakumbuka maneno yake mwenyewe, ya mvinyo na ya chai ya watu, na Kijiko alimwacha ayakumbuke. Nje watu watatu wanne walikuwa wamesimama, wanachungulia bila haya. Mama mkwe alikuwa tayari na ndoo na tambara, anaifuta ile chaki mlangoni, anaanzia kwenye NG'AMBO.

"Kitanda nitatengeneza," fundi alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Cha kwetu."

"Basi anza. Piga nyundo, mume wangu, wajue tupo."

Aliitafuta nyundo chini ya mbao alikokuwa ameificha, akaipangusa, akaweka msumari. Pigo la kwanza lilikwenda upande, msumari ukapinda. Akaung'oa, akachukua mwingine, akapiga.